Shayiri Chini ya Mgunga

Dokta Harith alifariki wiki mbili kabla ya Ramadhani. Khabari ilinikuta nimesimama kwenye foleni ya duka la dawa, na nilichofanya ni kungoja zamu yangu, nikanunua vidonge vyangu vya presha, nikamshukuru muuzaji, ndipo nikatoka nje kumpigia simu binti yake. Nimekuwa hivyo tangu ujana. Khabari ya msiba hunifika, hukaa pembeni, nami huendelea na nililokuwa nikilifanya. Msibani, nyumbani kwao Sib, nje kidogo ya Maskati, wanawake tulikaa juu ya mazulia, misahafu ikapitishwa, kisha kahawa na tende. Nyuma yangu mmoja aliuliza kwa sauti ndogo marehemu alikuwa na kazi gani, na mwenzake akamjibu, "Mambo ya paa. Umri wote alikuwa akitazama paa wanakula nini." Wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachozibwa kwa ncha ya mtandio. Binti yake akaniinamia. "Bi Zuwena, wewe ulifanya kazi na baba. Tunataka kuchapa kitabu kidogo, wajukuu wamjue. Tuandikie ukurasa mmoja." Nikasema nitaandika. Wiki ya tatu hii nimekaa na huo ukurasa, na kila nikianza najikuta kwenye mwaka mmoja tu, ule wa kwanza, katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa na miaka ishirini na nne. Mwaka huo hauingii kwenye kitabu cha wajukuu. Wajukuu nitawaandikia kwamba babu yao alikuwa mpole na msema kweli, na huo si uongo. Haya mengine nayaandika huku.

Mume wangu, Nasser, alifariki kwa ajali ya gari tukiwa na miezi mitano ya ndoa, na nilikaa eda kwa mama yake, Bi Thuweba, kwenye fleti yao ya Darsait iliyokuwa juu ya karakana ya kuchomelea vyuma. Miezi minne na siku kumi nilikaa katika chumba chenye dirisha moja, nikisikiliza vyuma vikilia chini na wanawake wakija na kuondoka sebuleni. Sikulia. Si kwamba nilijizuia. Nililala, nikaamka, nikaoga, nikasali, nikala nilichowekewa, na chakula kilipita kinywani kama pamba. Siku moja nilikuwa jikoni nikisuuza vikombe, nikamsikia jirani mmoja akimwambia Bi Thuweba, "Mtoto huyu hana hata chozi. Labda walikuwa hawapendani." Bi Thuweba hakujibu. Nilingoja ajibu, si kwa uchungu, nilingoja kama mtu anayetaka kujua mechi imekwisha vipi, kisha nikafunga bomba na kupanga vikombe. Nilimpenda Nasser. Naandika hivyo leo kwa sababu najua ni kweli, lakini mwaka ule ningeulizwa ningefikiri kwanza.

Eda ilipokwisha alikuja Dokta Harith, aliyekuwa binamu wa Bi Thuweba. Alikaa ukingoni mwa kochi, miwani imeshuka puani, akala sambusa tatu mfululizo bila ya kujua anakula, akasema, "Thuweba, nnamtaka mkweo. Nna kazi inataka mtu wa macho na subira, na huyu kasoma sayansi." Bi Thuweba akauliza ni kazi gani. "Kuhesabu kinyesi cha paa." "Harith, mtoto wa watu kafiwa, wewe unamletea kinyesi?" Dokta akasema, "Kinyesi hakina maneno mengi." Nadhani ndilo lililonipeleka, kwamba hakuna atakayenisemesha. Juma lililofuata nikaanza.

Mradi wa Dokta ulikuwa na nyumba ya kupanga kule Sib, nyuma ya soko, nyumba ya kawaida ya vyumba vinne. Sebule ilikuwa ofisi, chumba cha watoto kilikuwa maabara, na dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani ambapo suruali za kijeshi zilianikwa kila Alkhamisi. Bonde lenyewe lilikuwa nyuma ya viwanda vya Rusayl. Ukishavipita viwanda na maghala, lami inakwisha, unaingia kwenye njia ya kokoto kati ya vilima vyeusi, na baada ya nusu saa unakuta bonde pana la mawe lenye migunga na mikunazi iliyosimama mbalimbali. Paa walikuwa wadogo, rangi ya mchanga, tumbo jeupe, na ukiwatazama moja kwa moja huwaoni mpaka mmoja atikise mkia. Swali la Dokta lilikuwa fupi: wanakula nini mwezi gani. Alitaka mwaka mzima, bila ya kuruka mwezi. Kila wiki tulikwenda kuokota vidonge vya kinyesi, tukaviweka katika bahasha, na nyumbani Sib nilivikausha, nikavisaga, nikavichemsha, nikapaka unga wake kwenye kioo na kutia chini ya hadubini. Kila jani lina ngozi yake, na ngozi hiyo hupita tumboni bila ya kumalizika. Nilijifunza kuzitambua kama mtu anavyotambua vitambaa: ngozi ya mgunga, ya mkunazi, ya nyasi kavu, ya mmea mmoja wa kutambaa usio na jina la Kiswahili. Nilikaa saa sita kwa siku jicho moja limefumbwa. Sikuwaza kitu. Ilikuwa kazi nzuri.

Chakula chetu kilipikwa na Eliwaza. Alikuwa Mpare kutoka Same, mwanamke wa miaka arobaini hivi, Mkristo, aliyekuja Maskati kufanya kazi za ndani, akafika kwetu baada ya familia aliyokuwa nayo kuhama. Alipika wali na nguru kwa ajili yetu, na Alkhamisi alijipikia makande kwa mahindi meupe aliyoyagundua kwenye duka la Mhindi mmoja sokoni. Siku ya kwanza alinitilia sahani bila ya kuuliza. "Kula, dada. Hiki chakula hakitaki hamu, kinataka meno tu." Nikala. Yeye ndiye aliyekuja nasi bondeni kubeba maji na mifuko, na alijua majani kuliko mimi. Kwao walifuga mbuzi. Alikuwa akivunja tawi la mgunga, analinusa, anasema, "Hili wamelikataa. Ona walivyong'ata wakaacha. Limekuwa chungu." Dokta aliandika maneno yake kwa makini kama ya mtaalamu mwenzake.

Na palikuwa na Sulayyim, mlinzi wa bonde. Alikuwa mzee mkavu wa pale pale, watu wake walichunga mbuzi milimani tangu zamani, na idara ya wanyamapori ilimwajiri kuzuia wawindaji; Dokta alikuwa akimjua miaka minne. Alikaa kwenye kibanda cha mabati mdomoni mwa bonde, na kando ya kibanda alikuwa na zizi la mbuzi wanane na gunia la shayiri yao. Hakujua kusoma, lakini aliwajua paa mmoja mmoja. Alikuwepo jike mwenye pembe moja, na dume aliyemwita Mdeni kwa sababu kila mara alitazama nyuma. Tulizungumza naye kwa Kiarabu. Mimi nilimwita walid, kama vijana wanavyowaita wazee kule, naye aliniita binti Harith, na sikumsahihisha.

Mwaka ule mvua za baridi hazikuja. Januari na Februari, miezi ambayo bonde lilipaswa kuwa na majani mabichi, vioo vyangu vilionyesha nyasi kavu na mgunga tu. Machi makunazi yaliiva na kuanguka, na kwa wiki tano kila kidonge kilikuwa na ngozi ya kunazi. Sulayyim alisema paa hufika chini ya mkunazi kabla ya mbuzi wake, na mbuzi wake hawakuwa wavivu. Mei mgunga ulitoa maua machache ya manjano, yakaliwa. Juni yalitakiwa maganda yake yenye mbegu, chakula chao cha joto, lakini mti uliokosa mvua hauzai, na yaliyoanguka yalikwisha kwa siku chache. Julai kinyesi kilikuwa kidogo, kigumu kama kokoto, na ndani yake nikaanza kukuta magome ya miti. Dokta alifurahi kwa namna yake. "Hii ndiyo miezi ambayo hakuna aliyeiandika," alisema. "Watu wote hutazama wanyama wakati wa neema." Niliandika. Nje ya gari joto lilikuwa la kuunguza nyayo kupitia kiatu.

Siku moja ya Julai hiyo Dokta alitushusha mimi na Eliwaza karibu na kibanda, yeye akaendelea juu ya bonde kwa gari. Sulayyim alikuwa amekwenda kwake kula, kama desturi yake adhuhuri. Eliwaza alikaa kwenye kivuli cha zizi, akasinzia. Mimi nilitembea na bahasha zangu mpaka kwenye mgunga mkubwa wa kwanza, nikamwona yule jike mwenye pembe moja. Alisimama kwa miguu ya nyuma, shingo imenyooka, akitafuta tawi ambalo lilikuwa juu ya kimo chake. Mbavu zilihesabika. Akashuka, akapumzika, akasimama tena. Mara ya tatu miguu ilimkatika akaanguka kwa ubavu juu ya mawe, na hakuinuka mara moja. Alilala pale akiutazama mti. Nyuma yake alikuwepo mtoto wake, masikio makubwa kupita kichwa. Sikuhisi huruma, ningependa kusema nilihisi. Nilichokiona ni kazi ya kufanywa, kama vile mtu anavyoona bomba linavuja. Nikarudi kibandani, nikafungua ule waya uliofunga mlango, nikajaza mfuko wangu shayiri kutoka gunia la Sulayyim, nikaimwaga chini ya mgunga. Niliporudi Eliwaza alikuwa macho. Alitazama mfuko mtupu mkononi mwangu, kisha akatazama mbuzi.

Nilifanya hivyo mara mbili. Shayiri ilikuwa ikiliwa. Nilikuta mawe matupu. Dokta alikuwa amekwishaniambia siku ya kwanza kabisa, na kwa ukali usio wake, kwamba hatuwalishi. Nilikumbuka. Nilikumbuka kama mtu anavyokumbuka namba ya simu asiyokusudia kuipiga. Mara ya tatu ilikuwa mwisho wa Julai. Dokta alikuwa anasafiri kwa siku nane, hatungekwenda bondeni, nikaona wiki nzima si kidogo. Nikachukua ndoo ya Sulayyim. Nikamwaga ndoo tatu.

Siku ya tisa tuliwakuta wanne wamekufa. Watatu walikuwa chini ya mgunga wenyewe, mmoja kando ya kijito kikavu, na matumbo yao yalikuwa yamevimba mpaka miguu imekaa wima kama ya meza iliyopinduliwa. Yule mwenye pembe moja alikuwa mmoja wao. Sulayyim alikuwa amesimama mbali kidogo, mkewe pia yupo, alikuwa amemletea chakula. Dokta alipiga magoti juu ya mawe ya moto, akatoa kisu, akapasua tumbo la mmoja pale pale. Harufu ilikuwa ya kitu kilichochacha. Ndani ilikuwa shayiri, uji mweupe wa shayiri. Alinieleza baadaye, na sikuwa na haja ya kuelezwa mara mbili: tumbo lililozowea miba na majani makavu haliwezi nafaka nyingi kwa ghafla. Huchacha, hugeuka sumu. Wangepewa mawe wangekuwa na nafasi zaidi.

Dokta aliinuka. "Ya Sulayyim," alisema kwa Kiarabu, "shayiri hii ya nani?"

"Shayiri niliyonayo ni yangu ya mbuzi."

"Na gunia lako?"

"Limepungua. Nilidhani nimekosea mwenyewe."

"Umewalisha kwa huruma? Sema tu. Nitafahamu."

"Sikuwalisha. Wallahi, sikuwalisha. Mimi nisijue paa wanakufa na nini?"

"Usiape," Dokta alisema. "Hapa hakuna mtu mwengine mwenye shayiri. Usiape juu ya hili."

Mkewe Sulayyim alikuwa ameshika sufuria ya chakula kwa mikono miwili. Aliangalia chini. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao, daftari mkononi, kalamu imefunguliwa. Nimelirudia tukio hili mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu. Nimejaribu kuliita woga, maana woga watu wanauelewa. Haukuwa woga. Maneno yao yalinifikia kama redio ya jirani, nyuma ya ukuta, na hakuna neno lililoinuka ndani yangu kuwajibu. Nikanyamaza. Dokta akasema, "Andika, Zuwena. Julai, shayiri." Nikaandika Julai, shayiri.

Sulayyim aliachishwa kazi wiki ile ile. Sikumwona akiondoka. Tulikuta kibanda kimefungwa na zizi halina mbuzi. Siku zilipita. Nilichemsha, nikapaka, nikatazama. Ilikuwa Alkhamisi, makande yakiwa mezani, Eliwaza alipokaa mbele yangu badala ya kula jikoni. Alizungusha kijiko chake kwa muda.

"Dada, mimi niliona," alisema. "Ile siku ya kwanza niliona, na ile ya ndoo niliona."

"Najua."

"Mimi sisemi. Mimi ni mgeni hapa, nikisema kitu karatasi zangu zinaweza kuwa na shida, na nina watoto wawili shuleni kwa hela hii hii. Kwa hiyo usiogope mimi. Lakini yule mzee amekaa kwake sasa hivi anaitwa mwongo. Mke wake anamwangalia anawaza, huyu ameapa uongo. Mimi kila nikilala namwona yule mama na sufuria yake. Wewe unalala?"

"Nalala."

Aliniangalia, si kwa chuki. "Basi inuka, dada. Hata kama huhisi kitu, inuka uende ukaseme. Kuhisi kutakuja kwenyewe au kusije. Yule mzee hawezi kukusubiri."

Niliinuka na sahani haijaisha. Dokta alikuwa maabara, ameinamia hadubini yangu. Nilisema nikiwa mlangoni, kwa sentensi mbili, bila ya kuficha waya, mfuko wala ndoo. Alitoa miwani akaiweka juu ya bahasha. Bila ya miwani alikuwa na uso wa mtu mzima sana.

"Kwa nini?"

"Walikuwa na njaa."

"Nnajua walikuwa na njaa. Ndiyo kazi yenyewe, mwanangu, kujua wanaishi vipi na njaa." Kisha akasema, polepole zaidi, "Na mimi nimemwambia mtu wa miaka sitini asiape." Nje mtu alikuwa akianua suruali. "Kesho nitaandika barua arudishwe. Lakini barua haitoshi. Utakwenda mwenyewe kwake, na utasema wewe. Mimi nitakuwepo, nami nna langu la kusema."

Nilidhani atanifukuza. Hakunifukuza, na sikuuliza sababu. Miaka mingi baadaye aliniambia, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba hakutaka nirudi kukaa kutwa kwenye kile chumba cha Darsait.

Nyumba ya Sulayyim ilikuwa ya matofali, chini ya kilima, na kivuli cha matawi ya mitende mbele yake. Tulikwenda watatu, Eliwaza alikuja bila ya kuombwa, akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Mkewe alitutandikia mkeka, akaleta tende na kahawa, kwa sababu mgeni ni mgeni. Dokta alizungumza kwanza. Alisema alimkosea mbele ya mkewe na kwa hiyo anamwomba radhi mbele ya mkewe, na kwamba barua ya kumrudisha kazini amekwisha iandika. Halafu mimi. Kiarabu changu cha shule kilikuwa kigumu, nilisikia nafsi yangu ikisema nilichukua, nikamwaga, nikanyamaza, kama anayesoma somo la vitenzi. Sulayyim alisikiliza akiangalia kikombe. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja.

"Mtoto wa yule mwenye pembe moja. Alikuwa kati ya wale wanne?"

"Hakuwepo."

"Kwa hiyo yuko peke yake." Akaweka kikombe chini. Kisha akamwambia Dokta, "Barua yako nimesikia. Mpe mwengine. Mimi nimeapa kwa Mungu, na mtu niliyekula naye miaka minne akaniambia nisiape. Siwezi kukaa tena kwenye kibanda kile nikakungoja uje." Akainuka akaenda kwa mbuzi wake. Mkewe alitutilia kahawa ya pili. Tukanywa, tukatikisa vikombe kuonyesha tumetosheka, tukaondoka.

Usiku ule, kule Darsait nilikokuwa bado nikiishi, sikuweza kula, na Bi Thuweba akauliza. Nikamhadithia yote, kwa sauti ile ile. Alikuwa akichambua mchele kwenye sinia na hakuacha kuchambua. "Na hapo kwa huyo bwana, ulilia?" aliuliza. Nikasema sikulia. Akatoa kijiwe, akakiweka kando ya sinia. "Wale wanawake walipokuwa wakija," alisema, "mimi nilikuwa nkilia. Wakishuka ngazi tu, basi, hakuna. Kama mtu aliyezima taa. Nikajisemea, Thuweba, mwanao huyu, mtoto wako wa tumboni. Hakuna kitu. Nnakuona wewe huli, hulii, nkawa nnakuonea choyo, kwa sababu wewe huna haja ya kujifanya." Nilivuta sinia kati yetu, nikakaa upande wa pili, tukachambua mchele ule wote, zaidi ya tulivyohitaji.

Agosti na Septemba niliandika magome na mgunga. Idara ilileta mlinzi mwengine, mtu mwema, asiyejua paa na mbuzi wana tofauti gani. Oktoba migunga michache ilitoa majani mapya bila ya mvua, kama inavyofanya, na paa waliobaki wakanenepa kidogo. Dokta aliniuliza kama tuiondoe shayiri ya Julai kwenye jedwali, kwa kuwa haikuwa chakula chao. Nikamwambia aiache na chini yake aandike kwamba ilimwagwa na mtumishi wa mradi. Akaandika hivyo. Jina langu liko kwenye jalada, pamoja na wasaidizi wengine.

Mvua ilikuja Disemba. Ilinyesha siku mbili, viwanda vya Rusayl vikakaa ndani ya maji, na wiki ya tatu ya Januari tuliingia bondeni tukakuta kati ya mawe kumetambaa kijani chembamba. Na juu ya jiwe moja, upande wa kilima, alikaa Sulayyim. Hakuwa na kazi pale, hakulipwa na mtu. Alitembea kutoka kwake. Dokta alisimamisha gari mbali akamwendea kwa miguu, nami nikamfuata na daftari. Walisalimiana kwa maneno yote yanayotakiwa, afya, nyumba, mbuzi, mvua. Kwangu hakutazama. Nikakaa chini, umbali ule ambao mtu anasikia lakini hasemeshwi.

"Wanakula nini?" Dokta aliuliza.

"Kila kitu. Lakini kwa zamu." Alianza kueleza, akinyoosha kidole, akimwambia Dokta tu. Kwamba hawaanzi na nyasi. Kwamba wanaanza na hummaydh, ule mmea mdogo mchachu unaoota baina ya mawe, kisha nyasi, kisha wanapanda kilimani kutafuta maua. Kwamba mtoto wa yule mwenye pembe moja yu hai, amejiunga na kundi la Mdeni, na hula nyuma ya wengine. "Mwambie huyo aandike vizuri," alisema.

Nilikuwa nikiandika. Aliinama, akachuma jani la hummaydh, akampa Dokta, na Dokta akanipa mimi. Nikalitia mdomoni. Ulikuwa uchachu mkali wa kukunja uso, ukanipiga nyuma ya taya, macho yakajaa maji, na nikabaki nimeshika kalamu nikilitafuna, nikitaka jengine. Kundi lilikuwa likishuka upande wa pili wa bonde, kichwa chini, likila.

Niliposhusha kalamu Sulayyim alikuwa amesimama mbele yangu. "Nisomee," alisema.

Nikamsomea, kwa Kiarabu changu, mstari kwa mstari: asubuhi na mapema, hummaydh, baadaye nyasi, mchana, maua ya kilimani.

"Umekosea," aliniambia. "Si asubuhi na mapema. Wanangoja jua lipande, umande ukauke. Andika tena."

Nikafuta, nikaandika tena.